Nani Somo wa Mwali Huyu?

Masasi,
14 Machi 1999

Kwako somo yangu, Mama Vitalis,

Shikamoo. Na ongeza nyingine hapo, shikamoo ya pili, ya kuomba radhi kabla hujafika chini ya barua.

Mimi mzima. Ile malaria ya Februari imeniachia, yamebaki masikio tu yanavuma kwa kwinini. Vitalis hajambo? Mgongo wako je? Huku bwenini ni ugali na maharage Jumatatu mpaka Jumatatu, nimeikumbuka mizizi ya ming'oko ya huko nyumbani kuliko ninavyowakumbuka baadhi ya ndugu.

Sasa jambo lenyewe. Mama mdogo ameniandikia kwamba Josephina wake atachezwa unyago likizo ya Juni, na wamenichagua mimi niwe somo wake. Mimi! Nimkalie nyuma, nimfundishe nyimbo, nimwambie maana zake, nimsimamie mbele ya kungwi. Mama mdogo ameandika kwa furaha, na mstari wa mwisho ameupigia mistari miwili: "Wewe msomi, na umechezwa, nani zaidi yako?"

Somo yangu, mficha uchi hazai. Mimi sijui kitu.

Mwezi uliopita nilifuatana na Pili, rafiki yangu wa bwenini, kwao Nanganga. Jirani yao alikuwa anacheza wali. Mlangoni mwanamke akatuzuia, akatuimbia nusu ya wimbo ili tumalizie. Pili akamaliza akapita. Mimi nikabaki nimesimama. Yule mama akanionea huruma, akaniimbia mwingine mwepesi. Nikatabasamu kama mjinga. "Umechezwa wewe?" Nikasema ndiyo, Newala, Mnyambe. "Huko Mnyambe wanacheza wali au wanacheza bao?" Nikapelekwa uani nikae na watoto wanaomenya kunde. Mtu wa kidato cha tatu! Nimemenya kunde mpaka ngoma ikaisha.

Ukweli ni kwamba nilipochezwa nilikuwa na miaka kumi, na kila mafunzo yalipoanza nililala. Nakumbuka mguu wa kuku siku ya kwanza, halafu siku ya kutolewa nje. Katikati hamna kitu. Basi nakuomba uniandikie nyimbo zote na maana zake nizikariri kabla ya Juni. Daftari ninalo jipya. Barua hii nimempa Mrisho, kondakta wa basi la Newala, akupe mkononi, asimpe mtu.

Wasalimu wote wanaoniulizia.

Mwanao na mwali wako,
Agatha


Mnyambe,
28 Machi 1999, Jumapili ya Matawi

Kwako mwanangu Agatha,

Marahaba. Moja inatosha kwanza, tutaona kuhusu hiyo nyingine.

Sisi tuko wazima, mgongo unauma kwa zamu. Bomba limekufa tena, tunashuka bondeni na ndoo. Vitalis amerefuka, anataka suruali ya mtumba yenye mifuko sita kama ya askari, na hana hata cha kuweka humo.

Barua yako nimeisoma nimekaa jikoni, nikaitia motoni palepale. Umerogwa na nani? Nyimbo za unyago ziandikwe, zipande basi na Mrisho? Haijapata kuwa na haitakuwa. Maneno yale yanatoka mdomoni yanaingia sikioni, mlango umefungwa. Mimi kusoma nilijifunzia ukubwani, kwenye elimu ya watu wazima, ili barua zangu nizichome mwenyewe bila kupitia kwa mtu.

Na hukulala. Ulifumba macho kwa heshima. Huyo mama wa Nanganga usimjali, Wayao wana nyimbo zao na sisi tuna zetu, sasa ungemalizia wimbo usio wako kwa nini?

Njoo wiki moja kabla ya ngoma. Tutakaa mimi na wewe tukichambua kisamvu, nami nitakutilia zote kichwani. Hujapata kufaulu mtihani kwa wiki moja wewe? Usinifanye nikutaje ile hesabu ya darasa la saba.

Kula vizuri, na acha kuzurura kwenye ngoma za watu.

Mimi somo yako,
Mama Vitalis


Masasi,
18 Aprili 1999

Kwako somo yangu,

Shikamoo. Poleni kwa bomba, na pole ya mgongo. Barua yako nami nimeichoma, matroni akaona moshi akadhani navuta sigara. Nimefagia bwalo siku tatu kwa ajili ya heshima ya unyago wetu.

Kile kisa cha Nanganga Pili alikisimulia bweni zima, na ukawaka mjadala: mtu anakuwa mkubwa lini? Mmoja akasema siku unapopata chumba chenye kufuli lako mwenyewe. Mwingine akasema siku unapopiga kura. Pili akasema ukubwa jalala, kila mtu anakuja kumwaga takataka zake, kwa hiyo yeye atachelewa makusudi. Wakaniuliza mimi. Nikasema mimi nilishakuwa mkubwa darasa la tatu. Wakacheka sana. Na mimi nilicheka, lakini chakula kikanishinda.

Maana ndivyo ilivyokuwa, somo. Wiki niliyotolewa nje ulinikuta nacheza rede nimevaa kitenge kipya, ukanishika sikio: "Mtu mzima harushi mpira." Nikaacha rede. Nilipofika miaka kumi na mitatu yule fundi baiskeli akaja kwa mjomba Dastani kunichumbia, kwani si nimechezwa? Bila mwalimu mkuu kupiga kelele ningekuwa namsongea ugali hivi sasa. Watu wote walikuwa wameambiwa kwamba nimekua, isipokuwa mimi.

Halafu ule wimbo wa pili wa Nanganga, ule mwepesi, ulikuwa wa kwetu. Niliijua sauti yake. Maneno ndiyo sikuyajua.

Kuna kitu kingine nimekumbuka na sikipendi. Nakumbuka unanifinya paja. Nakumbuka kungwi, Bibi Dadi, anauliza, na kisauti chembamba kinajibu bila kukosea. Hakikuwa changu. Kilikuwa cha nani?

Na Josephina ana miaka mingapi sasa? Nikihesabu mimi napata tisa.

Nijibu haraka tafadhali.

Mwanao,
Agatha


Mnyambe,
30 Mei 1999

Kwako mwanangu Agatha,

Marahaba. Umengoja wiki sita. Sikuwa mgonjwa, wala Mrisho hakupoteza barua. Nilianza kuandika mara nne.

Kisauti kilikuwa changu.

Mwaka ule wa tisini na mbili wanunuzi wa korosho watu binafsi ndipo walipoanza kutuletea malori yao mpaka huku kijijini. Kila nyumba ikapata kitu, na kila mwenye binti akataka kumcheza kabla kitu hakijayeyuka. Dada yako Dominika alikuwa ameiva, miaka kumi na mitano. Mjomba wako Dastani akasema ngoma moja, pombe moja, mbona wasitoke wawili? Nilimwambia Agatha bado. Nilimwambia mara moja, akacheka, nikaacha. Hilo la kuacha ndilo linaloniuma.

Ndani ukawa unalala. Uliniegemea kifuani, udenda wako unalowesha kanga yangu. Nilikufinya, nikakumwagia maji usoni, ukaamka ukauliza kama kuku amebaki. Sasa ningefanyaje? Somo ambaye mwali wake hajui kitu anazomewa mbele ya wanawake wa vijiji vitatu. Bibi Dadi alipouliza, nilijifunika kanga, nikabana pua, nikajibu kitoto. Wawili watatu walijua. Walinyamaza kwa sababu ya jina langu.

Josephina ana miaka tisa na miezi minne. Juzi nilimwona mlangoni kwao ananyonya kidole.

Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Ngoma ni tarehe 19 Juni. Mtama wa pombe umetwangwa, wageni wamealikwa mpaka Mkunya, na mama yako mdogo ameshashona nguo za ngoma. Nimefikiri hivi: wewe ukae nyuma ya Josephina, mimi nikae nyuma yako. Bibi Dadi akiuliza, nitajibu mimi. Masikio yake siku hizi si kama zamani, na kile kisauti bado ninacho.

Usimwonyeshe mtu barua hii.

Mimi somo yako,
Mama Vitalis


Masasi,
6 Juni 1999

Kwako somo yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, tunafunga shule Ijumaa.

Nilikusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Hilo liweke moyoni, usilitoe, hata nikisema haya yanayofuata.

Sikubali. Wewe unijibie mimi, mimi nimjibie Josephina, na miaka kumi ijayo Josephina amkalie nyuma mtoto mwingine akimjibia asichokijua. Tutakuwa ukoo mzima wa kubana pua.

Siku ya kuingiza wali nitasimama niwaambie wanawake kwamba mimi sikufundika, na mtu asiyefundika hafundi. Najua anayekiri hivyo anafanywa nini. Anarudishwa mkekani, ananyolewa, anakuwa mwali upya. Basi nirudishwe. Nywele zitaota. Nina miaka kumi na saba, na safari hii nataka mwenyewe.

Nakuomba kitu kimoja. Unikalie nyuma. Usijibu chochote, ukae tu.

Nakuja na basi la tarehe 18.

Mwanao,
Agatha


Mnyambe,
10 Juni 1999

Agatha,

Usije.

Nimeshika wali kumi na mmoja tangu mwaka 1981 na hakuna hata mmoja aliyezomewa. Ukisimama ukasema hukufundika, hutakuwa unasema habari zako, utakuwa unasema zangu. Kichwa ni chako, kinyoe upendavyo. Jina ni langu.

Tarehe 19 mimi nitakuwa shambani. Mikorosho inataka kupuliziwa salfa.

Mama Vitalis


Masasi,
18 Julai 1999

Kwako somo yangu,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukuzidi baada ya kukaa mkekani siku zote zile. Nimefika salama, shule imefunguliwa, na Pili amenipapasa kichwa akasema nimekuwa kama korosho iliyobanguliwa. Matroni ameniuliza kama nimepata mba. Nimesema hapana, nimepata akili.

Pale mwanzo hukuwepo, basi nikusimulie. Walikuwa wameanza kumnyoa Josephina. Nusu ya kichwa iko tayari, kidole kiko mdomoni, anauliza kama itauma. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga hotuba nzuri, yenye utangulizi, kama tunavyofundishwa kwenye midahalo. Ilitoka sentensi moja: "Mimi nilichezwa hapa na sijui kitu." Bibi Dadi akaweka wembe chini.

Walizomea, somo. Usidhani hawakuzomea. Mama mdogo akalia kwamba nimemharibia, mbuzi wamechinjwa, watu wa Mkunya wameshawamba ngoma zao kwenye moto. Bibi Dadi akasema, "Ngoma hailii bila mwali." Nikamwambia mwali yupo. Nikamwinua Josephina, nikakaa mahali pake. Yeye akakimbilia uani kula ubwabwa, nusu kipara, amefurahi kama siku ya Krismasi.

Wakaninyoa, wakanifunika kanga gubigubi. Ndipo Bibi Dadi akauliza, "Nani somo wa mwali huyu?" Akauliza mara ya pili, mtu akacheka. Hapo niliogopa, sitakudanganya. Nilijua akiuliza mara ya tatu bila jibu nitakaa peke yangu, na mwali asiye na somo ni kama maiti isiyo na ndugu. Nikawa najiambia nitakaa tu, nitakaa hivyo hivyo. Akauliza mara ya tatu. Mtu akaketi nyuma yangu kwa kishindo, na mikono iliyonishika mabega ilikuwa inanuka salfa.

Nililia chini ya kanga. Sikukwambia kwa sababu hukuniuliza.

Niliyofundishwa siwezi kuyaandika, na unajua sababu. Naweza kusema hili tu, kwamba safari hii nilikuwa na maswali. Bibi Dadi alishangaa mwali anauliza, akanijibu kila kitu, mengine akaniambia hajapata kuulizwa tangu aanze kazi. Mtoto wa miaka kumi hana maswali. Ana njaa.

Sasa niambie. Asubuhi ya kutolewa nje nilikutafuta nikaambiwa wanawake wamekuita uani kwa Bibi Dadi tangu alfajiri. Ukaja kuniaga ukiwa na macho mekundu, ukasema ni moshi. Walikufanya nini? Usinifiche.

Mwanao,
Agatha


Mnyambe,
8 Agosti 1999

Kwako Agatha,

Marahaba. Tuko wazima. Vitalis amepata suruali yake, mfuko mmoja umeshatoboka.

Ile siku ya 19 nilikwenda shambani kweli. Nikapuliza mkorosho wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne nilikuwa napuliza hewa. Nikaitupa mashine palepale nikaja mbio. Bibi Dadi alipouliza mara ya kwanza nilikuwa nimefika, nimejificha nyuma ya jiko la mama yako mdogo. Aliyecheka mara ya pili ni yule jirani, mke wa Fortunatus. Kile kicheko chake ndicho kilichonisukuma, siku moja nitamshukuru.

Uani walinihukumu. Bibi Dadi aliniuliza mbele ya wenzangu kama ni kweli nilijibu kwa sauti ya mwali wangu, nikasema kweli. Akanifungia. Miaka mitatu sitashika mwali wa mtu. Nililia, mwanangu, sikuona haya, mtu wa makamo mimi nalia mbele ya wanawake niliowafunda. Moshi haukuwepo. Nilirudi nyumbani nikijua kwamba jina limekwenda, na kwa siku kadhaa nilikukasirikia tena. Nakwambia ili ujue.

Wiki iliyofuata nikasikia hodi. Mmoja wa wali wangu wa zamani, sasa ana watoto wanne. Akakaa, akazungumzia mvua, akazungumzia kunguni, mwisho akasema, "Mama Vitalis, na mimi nililala." Nilidhani amekuja kunicheka. Kumbe alikuwa amekuja kuomba afundwe upya. Siku mbili baadaye akaja mwingine. Halafu dada yako Dominika akatembea kwa mguu kutoka Mkunya, mtoto mgongoni. Yeye anasema hakulala, alisikia yote, lakini hakuelewa hata nusu na aliona aibu kuuliza, na tangu aolewe anabahatisha. Ijumaa nikahesabu, wamefika sita, wote wamekaa kwenye mkeka wangu, mimi niliyefungiwa.

Wa saba alikuja jioni kwa mlango wa nyuma. Ni mama yako mdogo, Mama Josephina mwenyewe. Yeye alichezwa mwaka wa vita vya Kagera, chakula hakuna, wali wakaingizwa Jumamosi wakatolewa Jumatatu. Miaka ishirini anaimba akifuatisha midomo ya wenzake. Alisema alitaka Josephina achezwe mapema ili angalau mtoto ajue, yeye ajifunzie hapo hapo kwa kusikiliza.

Niliwapeleka wote saba kwa Bibi Dadi. Alivuta ugoro wake, akatutazama mmoja mmoja. Akasema, "Basi Desemba. Watu wazima watupu, hakuna mbuzi, hakuna wageni. Na watoto wamalize darasa la saba kwanza." Mjomba wako Dastani amenuna, anasema wanawake wa siku hizi wanajirudisha utotoni. Tumemwacha anune.

Kila mmoja ameambiwa achague somo wake mwenyewe. Wengine bado wanafikiri. Mama yako mdogo hakufikiri, alikutaja wewe. Bibi Dadi alicheka mpaka akakohoa, akasema hajapata kuona mtoto akimkalia nyuma mama yake mdogo, kisha akasema sawa, Agatha anajua kuliko wote maana ndiye aliyeuliza. Mama yako mdogo anaona haya kukuandikia, ameniomba mimi. Kushika mwali nimefungiwa, kuandika barua sijafungiwa.

Anauliza kama utamkubali. Nijibu kwa mkono wa Mrisho.

Mimi somo mwenzako,
Mama Vitalis